Mkunjo wa Kwanza: Mafundi Bati wa Kisenyi

Wiki za mwisho za Januari, shule za Uganda zinapokaribia kufunguliwa, njia zinazoteremka kwenye stendi za mabasi za Kampala hujaa masanduku ya bati. Mengine yamefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira wa tairi, mengine yako vichwani mwa wapagazi, mengine yametokeza kwenye buti ya gari iliyoshindwa kufunga. Ni masanduku ya wanafunzi wa bweni. Ndani yatatiwa shuka, sare, sukari, sabuni na madaftari. Juu yake watakaa wenye sanduku na rafiki zao. Yatasukumwa uvunguni mwa kitanda, yataburutwa sakafuni, yatapandishwa juu ya basi na kuteremshwa, muhula baada ya muhula. Mzazi anayetoa pesa yake anataka sanduku moja limtoe mwanawe mwaka wa kwanza wa sekondari limfikishe mwaka wa sita.

Hayo ni matarajio makubwa kwa kitu kilichotengenezwa kwa bati lenye unene wa theluthi moja ya milimita. Bati hilo ukilishika likiwa bado halijakunjwa, linayumba na kulialia mkononi, wala haliwezi kusimama lenyewe. Anayetaka kujua linapataje nguvu ya kukaliwa na vijana wawili, aende akasimame kando ya fundi wa Kisenyi, asimwulize jambo, atazame tu.

Kisenyi iko bondeni, chini ya kilima cha Mengo, hatua chache kutoka soko la St. Balikuddembe ambalo Kampala nzima inaliita Owino. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukumbuka njia yao ya zamani na mtaro wa Nakivubo hufurika. Hapa mashine za kukoboa na kusaga mahindi zinanguruma tangu alfajiri, na vumbi la unga limepaka rangi moja kuta, nyaya za umeme na nyusi za wapakiaji. Pembeni kuna hoteli na maduka ya Wasomali, ambao wengi wao walifika baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Kuna mabasi ya mikoani, kuna wanunuzi wa vyuma chakavu, kuna wachomeleaji. Na juu ya kelele zote hizo kuna mlio wa nyundo kwenye bati, ambao mgeni huusikia kama fujo na mwenyeji huusoma kama saa.

Kazi huanza na ununuzi wa bati, na hapo tayari fundi ameshaanza kuamua. Bati la dukani huuzwa kwa geji, na geji huhesabiwa kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ina unene wa karibu milimita 0.3, geji 28 inakaribia 0.4. Tofauti hiyo jicho haliioni, ila kidole gumba kinaijua. Fundi hushika ukingo wa bati, akaukandamiza kidogo kwa gumba, akausikiliza unavyorudi. Jembamba hurudi kwa mlio mwepesi. Nene husita. Kwa sanduku la bei nafuu atachukua jembamba na kulipa nguvu kwa mikunjo mingi zaidi; kwa sanduku la mzazi anayejua anachokitaka, atachukua nene na kutoa jasho zaidi.

Kuna pia bati la mapipa. Pipa la lita 200, likipasuliwa ubavuni kwa tindo na kunyooshwa, hutoa kipande cha karibu mita 1.8 kwa urefu, na upana wa sentimita zaidi ya 80, pamoja na miduara miwili ya juu na chini. Chuma hiki ni kinene kuliko bati la dukani, na kina ukaidi wake: kimezoea kuwa duara na kinataka kurudi hivyo. Fundi hukinyoosha kutoka katikati kwenda pembeni, pigo kwa pigo, bila kurudia mahali pamoja. Akipiga sana sehemu moja, chuma pale hutanuka, na kilichotanuka hakirudi; hubaki uvimbe ambao kila ukiubonyeza upande huu unatokea upande wa pili. Kijana mgeni katika kazi hupambana na uvimbe huo kwa kuupiga zaidi. Mzee huuacha, akapiga sehemu zinazouzunguka mpaka nazo zitanuke kiasi hicho hicho, na uvimbe ukalala wenyewe.

Baada ya hapo bati huwekwa chini na kuchorwa. Vifaa ni msumari ulionolewa ncha, rula ya chuma, skwea, na vigezo vya bati vilivyotobolewa na kutundikwa ukutani, kila kimoja cha saizi yake. Mistari inayochorwa ni mingi kuliko pande za sanduku, na hapa ndipo akili ya kazi ilipo. Mstari mmoja ni wa kukata. Mwingine ni wa kukunja. Mwingine ni wa ile sehemu itakayopotea ndani ya mshono, ambayo mwenye sanduku hataiona kamwe ingawa ndiyo itakayomshikia mali yake.

Hesabu ya sehemu hiyo ni nzuri. Kingo mbili zinapounganishwa kwa mshono wa kufumbatisha, kila ukingo hukunjwa uwe kulabu, kulabu mbili zikapachikwa moja ndani ya nyingine, kisha zikagongwa mpaka zibane. Mshono wa namna hiyo hula bati mara tatu ya upana wake: ukitaka mshono wa milimita 6, lazima utenge milimita 18, nusu yake upande huu na nusu upande ule. Vivyo hivyo na mdomo wa sanduku. Ili ukingo usimkate mtoto mikono, fundi huuviringisha juu ya waya, na bati la kuuviringisha waya huo ni mara mbili na nusu ya unene wa waya wenyewe. Vitabu vya ufundi huandika kanuni hizi kwa herufi na alama. Kisenyi kanuni hizo hujifunzwa kwa kuharibu bati: aliyetenga pungufu huona waya unachungulia, aliyetenga zaidi huona ukingo umejaa mawimbi. Baada ya masanduku kadhaa mkono hutenga wenyewe.

Kisha makasi ya bati hupita, na fundi anasimama kidogo. Ukiwa mgeni utadhani anapumzika. Kumbe anafikiri kinyumenyume, kuanzia sanduku lililokamilika kurudi kwenye bati lililolala mbele yake. Mkunjo ukishakunjwa hauna msamaha: unafungua njia ya baadhi ya mikunjo na kuziba njia ya mingine. Akikunja mbavu mapema, mdomo hautafika tena kwenye reli ili ukaviringishwe waya. Akipachika ubavu kabla ya kutoboa matundu ya bawaba, nyundo haitapata nafasi ndani. Kwa hiyo waya wa mdomo hutangulia, bati likiwa bado bapa. Kisha kulabu za mishono. Kisha mkunjo wa chini unaogeuza bati moja kuwa uso, sakafu na mgongo. Kisha ndipo mbavu mbili zinaingia na kufungwa. Ni kazi ya mtu anayeuona mwisho kabla ya kugusa mwanzo, na anayekosea mpangilio halipi kwa muda tu, analipa kwa bati.

Fuawe yake ni kipande cha reli kilichozikwa nusu kwenye gogo, au chuma cha pembe kilichofungwa kwenye meza. Juu yake anatumia nyundo mbili. Ya mti hukunja bila kuacha kovu. Ya chuma hubana. Tazama anavyokunja ukingo mrefu. Hapigi mara moja mpaka mwisho. Anapita mara ya kwanza akiuinamisha ukingo kidogo tu kutoka ncha hadi ncha, anarudi akiuongeza, anapita tena, mpaka unasimama wima. Ukilazimishwa kusimama kwa pigo moja mahali pamoja, bati la jirani huvutwa na kukunjamana. Masikio yake yanafanya kazi pamoja na macho. Bati lililolala sawasawa juu ya reli hutoa mlio mfupi, mzito. Likiwa na nafasi chini yake, mlio unakuwa mtupu na mrefu. Akiusikia ule mtupu, mkono wa kushoto unasogeza bati kidogo kabla ya pigo linalofuata, na hata mazungumzo aliyokuwa nayo na jirani hayakatiki.

Mfuniko unadai subira ya aina nyingine. Lazima uwe mkubwa kuliko sanduku, kwa kiasi ambacho ni unene wa bati pande zote mbili, na nafasi ya kupumua, na unene wa rangi itakayopakwa kesho. Asiyekumbuka rangi hutoa mfuniko unaoingia vizuri leo na kung'ang'ania wiki ijayo. Juu ya mfuniko, fundi hupiga mistari miwili inayokatana, pembe hadi pembe, kwa ukingo wa patasi butu. Wengi hudhani ni urembo. Mistari hiyo ndiyo inayoufanya uso mpana usibonyee katikati, kwa kuwa bati halipati ugumu kwa unene peke yake; hupata ugumu kila linapobadilisha mwelekeo. Ndiyo siri ya sanduku zima. Bati limekunjwa mara nyingi mno kiasi kwamba halina tena pa kuyumbia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mishono na riveti, ilhali mchomeleaji yuko hatua tatu tu na mashine yake imewashwa. Sababu ni za kikazi. Bati jembamba likiguswa na moto wa kuchomelea hutoboka. Bati lililopakwa zinki likichomwa hupoteza ngozi yake pale pale penye kiungo, kutu ikapata mlango. Na moshi wa zinki humpa anayeuvuta homa na baridi usiku. Mshono uliokunjwa hauhitaji moto, wala umeme ukikatika kazi haisimami. Ufundi wa zamani umebaki mahali hapa kwa kuwa bado haujapata wa kuushinda.

Na mafundi bati hawatengenezi masanduku tu. Zile mashine za mahindi zinazonguruma ng'ambo ya uchochoro zinahitaji faneli za kumimina nafaka na mapipa yenye umbo la koni ya kutenganisha unga na hewa. Koni ni mtihani wa fundi. Lazima uichore ikiwa bapa, na ikiwa bapa haifanani na koni hata kidogo. Fundi hupigilia msumari mmoja, hufunga uzi, na urefu wa uzi huo ni ule mteremko wa ubavu wa koni kutoka ncha hadi mdomo, si kimo chake. Huzungusha uzi na kuchora tao, kisha hupima juu ya tao hilo, kwa waya laini, mzingo wa mdomo anaoutaka. Panapoishia waya, anakata. Bati linapoviringishwa, kingo mbili hukutana. Hiyo ni jiometri kamili, na wengi wanaoifanya waliiacha shule mapema.

Mama mmoja alisimama mbele ya masanduku yaliyopangwa, akaligonga moja kwa kidole. "Mzee, hili litamaliza miaka minne?" Fundi hakujieleza. Alilishusha chini, akalifuta vumbi kwa kiganja, akamwambia, "Nnyabo, likalie." Mama akacheka, akakaa, akajisogeza kulia na kushoto. Ndipo mazungumzo ya bei yalipoanza.

Sanduku alilolikalia lilikuwa limepita mikono mingi. Mmoja alikata na kukunja. Mwingine, ambaye kazi yake yote ni bawaba na makomeo, aliyatengeneza kutokana na vipande vilivyobaki. Wa tatu alipinda vishikio vya nondo nyembamba. Kijana wa rangi alilipaka. Mabaki madogo yalikwenda kwa watengenezaji wa sigiri, yaani majiko ya makaa, madogo zaidi kwa wa tadooba, vile vibatari vya mafuta ya taa, na yasiyofaa kwa lolote yakauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ili yakayeyushwe. Mpangilio ule ule ulio kwenye bati, wa kila hatua kungoja iliyotangulia na kuipisha inayofuata, umo pia mtaani. Kila banda limekaa pale lilipo kwa kuwa jirani yake yuko pale alipo. Anayeishiwa riveti anapaza sauti. Komeo likikataa, analivusha uchochoro mkononi.

Mpangilio huo una historia. Zamani za ukoloni Kisenyi haikuwa ndani ya mipaka ya manispaa ya Kampala. Ilikuwa sehemu ya Kibuga, mji wa Kabaka, chini ya serikali ya Buganda pale Mengo, ambako masharti ya ujenzi na ya biashara ya wazungu hayakufika kwa ukali ule ule. Aliyekuja mjini bila mtaji aliweza kupanga chumba, kuweka nyundo mlangoni na kuanza. Aidan Southall na Peter Gutkind walioichunguza Kisenyi pamoja na Mulago, wakachapisha kitabu chao mwaka 1957, walikuta mtaa uliosongamana watu wa makabila mengi wanaoishi kwa vibarua, biashara ndogo na kazi za mikono. Kibuga kiliunganishwa na jiji la Kampala mwaka 1968. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwafukuza Waasia, maduka ya vipuri na vifaa yakafungwa au yakawa matupu, na nchi ikageukia mafundi wa Katwe, Kisenyi na Ndeeba waitengenezee yale yaliyokuwa yakiagizwa kwa meli. Ujuzi mwingi unaoonekana leo kwenye mabanda hayo uliivishwa na uhaba wa miaka ile.

Mwanahistoria wa miji ya Ulaya akipita hapa angeona mambo anayoyafahamu. Nürnberg, jiji la Ujerumani lililosifika karne za kati kwa kazi za chuma na shaba, lilikuwa na orodha ya mwaka 1363 yenye mafundi wakuu zaidi ya 1,200 wa fani zipatazo 50, waliogawana kazi kwa udogo wa kushangaza: wa visu peke yao, wa kufuli peke yao, wa sindano peke yao. Mafundi wa huko waliasi mwaka 1348, na uasi ulipozimwa halmashauri ya jiji ikawapiga marufuku kuunda vyama vyao na ikashika yenyewe ukaguzi wa kazi. Mwaka 1388 tajiri Konrad Mendel alianzisha nyumba ya kuwatunza mafundi wazee kumi na wawili wasioweza tena kujipatia riziki kwa mikono yao, na kuanzia mnamo 1425 kila aliyeishi humo alichorwa kitabuni, picha moja kwa mtu mmoja, akiwa kazini na zana zake. Wamo wafua kufuli, wavuta waya, watengeneza kastabini. Ni watu wa kawaida kabisa, na kwa sababu mtu fulani aliona mikono yao inafaa kuchorwa, sisi leo tunajua benchi lao lilikuwa na urefu gani na nyundo ilishikwaje.

Kisenyi haina halmashauri inayogonga muhuri wa ubora juu ya sanduku, wala haimzuii mtu wa Busoga, Masaka au Kongo kuja kujifunza. Anayetaka ufundi hutafuta mzee wa kumpokea. Huanza kwa kufagia na kuchukua chai, halafu kunyoosha bati, halafu kukata, na mkunjo wa kwanza hupewa siku mzee anapochoka au anapoamini. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 ilifungua njia ya fundi wa namna hiyo kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kupita darasani, na huo ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini masikio yanazidi kuwa mazito kwa mlio wa miaka, glavu ni chache, na makovu ya bati yamejaa vidoleni. Kila mpango wa kuisafisha Kisenyi unapotajwa, mabanda ndiyo ya kwanza kuhesabiwa kuwa uchafu. Anayewahamisha mafundi mmoja mmoja, huyu mashariki, yule magharibi, akiwapa kila mmoja chumba kizuri, atakuwa amekata kabla ya kuchora. Bawaba iko mbali, nondo iko mbali, na sanduku moja litahitaji nauli tatu.

Ukienda kununua, basi, usianze na rangi. Fungua mfuniko, uingize mkono ndani na upitishe kidole kwenye mishono ya pembeni: uliobanwa vizuri ni laini na haushiki ukucha. Zungusha kidole mdomoni uone kama waya umefunikwa mzunguko wote, hasa kwenye kona, ambako mvivu huuacha wazi. Weka sanduku kwenye sakafu bapa na ubonyeze pembe moja, lisicheze. Linyanyue kwa kishikio kimoja, ulitikise, usikilize bawaba. Funga na ufungue mara kadhaa. Likiyapita yote hayo, usimkatie fundi bei mpaka chini. Unachokilipia ni bati la shilingi chache na uwezo wa kujua, kabla ya pigo la kwanza, pigo la mwisho litaangukia wapi.